Nyama Asiyoionja Bwana Tamhankar

Purushottam Tamhankar alisimamia chakula cha mabaharia wa India kwa miaka ishirini na mitatu, na katika muda wote huo hakupata kula hata punje moja ndani ya meli. Si kwamba alinyimwa. Yeye na bahari walikuwa wamemalizana mapema, alipokuwa na umri wa miaka tisa, ndani ya stima ya pwani iliyokuwa ikitoka Dabhol kwenda Bombay. Alitapika Dabhol, akatapika Harnai, akatapika na mahali ambapo hapakuwa na bandari yoyote, mpaka baba yake, mwalimu wa Kisanskriti na mtu wa kuona mbali, akamgeukia abiria mwenzake na kusema, "Huyu tutamtafutia kazi ya nchi kavu."

Alitafutiwa. Mwaka 1948 alipofaulu mtihani wa serikali alijaza fomu kwa mpangilio wa matakwa yake: kwanza reli, pili posta, tatu ushuru, nne misitu. Serikali ikaisoma fomu ile kwa makini, ikampa meli.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili, hatua mia mbili kutoka lango la bandari, na ilijengwa kwa ustadi kiasi kwamba hapakuwa na dirisha hata moja la kuonea maji. Mimi, Doshi, nilikuwa mpiga chapa wake. Meza zetu zilitazamana. Watu walidhani kazi ya meli ni kamba na nanga. Kazi ya meli ni mafaili. Faili lilitoka kwa karani likapanda kwa Tamhankar, likapanda kwa naibu, likapanda kwa mkurugenzi, kila mmoja akiongeza sentensi moja ya kuepuka uamuzi, kisha likashuka tena njia ileile likiwa nene zaidi, kama mtu aliyetoka harusini.

Mwaka 1958 walimkabidhi Jedwali la Posho. Humo mlikuwa na kila kitu ambacho baharia wa India alistahili kula kwa siku akiwa baharini: mchele, unga, dengu, samli, bizari, achari, na nyama ya kondoo gramu mia mbili na ishirini. Tamhankar alikuwa Brahmini wa Chiplun. Tangu azaliwe nyama haikupata kugusa ulimi wake, wala wa baba yake, wala wa yeyote katika ukoo ambaye jina lake lilikuwa bado likitajwa. Lakini jedwali ni jedwali. Aliketi, akanoa penseli, akamwita karani Anacleto Furtado, Mgoa mnene mwenye sauti ya kanisani.

"Furtado, nyama nzuri inanukaje?"

"Inanuka nyama, saheb."

"Na mbaya?"

"Ile mbaya saheb huna haja ya kuuliza. Inajitambulisha yenyewe."

Tamhankar akaandika: *Nyama iwe na harufu yake ya asili, isiyozidi.* Sentensi hiyo ilipanda ngazi zote ikashuka bila kuguswa, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa sentensi nyingine yoyote ya ofisi yetu, kwa sababu kila meza iliyopitia ilikuwa ya mtu asiyekula nyama, au ya anayekula ambaye hakutaka wenzake wajue.

Jedwali lilimpeleka Geneva mara tatu, kwenye mikutano ya mataifa kuhusu mabaharia. Alikwenda kwa ndege akiwa na debe la vitafunio alilofungiwa na mkewe Mandakini, akaishi kwa debe hilo, mtindi, na ndizi za bei mbaya. Wazungu walikuwa na jedwali lao la dunia nzima: viazi, mkate, nyama ya chumvi. Mjumbe mmoja wa Uholanzi alimwuliza kwa upole ni kwa nini mtu mzima ahitaji dengu kila siku. Tamhankar alimjibu kwa dakika arobaini. Kesho yake alimalizia. Siku ya kumi na mbili mkutano ukaipitisha dengu kwa kauli moja, na waliokuwapo wanasema ilikuwa kauli ya watu waliochoka.

Lakini kitu alichokipenda kuliko dengu kilikuwa kanuni mbili alizozitunga mwenyewe. Kanuni ya kumi na saba ilisema: mabaharia wakilalamikia chakula, afisa wa serikali ataonja; asipoweza, atamteua mtu wa kuonja, ambaye asiwe mmoja wa walalamikaji wala asiwe chini ya amri ya nahodha. Kanuni ya kumi na tisa ilisema: malalamiko yakithibitika, afisa ataandika ndani ya kitabu cha kila mlalamikaji kwamba alilalamika kwa haki. Kitabu cha baharia ndicho maisha yake. Humo mna kila meli aliyopanda na neno la kila nahodha. "Popote atakapokwenda duniani," Tamhankar alituambia siku kanuni hiyo ilipopita, "haki yake itakuwa mfukoni mwake." Siku hiyo alitununulia chai, na ilikuwa chai ya maziwa.

Kuonja kwenyewe aliteuliwa Furtado. Alikwenda melini na uma wake ndani ya leso, akarudi baada ya saa mbili na mdomo unang'aa, na Tamhankar akaandika kwenye faili, bila kupepesa: *Nimeonja, kupitia F.* Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka kumi na moja. Hakuna aliyeona ajabu. Serikali ina macho kupitia wakaguzi na masikio kupitia polisi; haikuwa vigumu kukubali kwamba ina ulimi kupitia Furtado.

Mpaka tarehe mbili Desemba 1969, saa tano asubuhi, mtu wa makamo mwenye ndevu za mvi na kofia nyeupe alipoingia chumbani mwetu na kifurushi cha gazeti.

"Saheb, mimi ni Yakub Parkar, serahangi wa Kanaklata. Mabaharia wa sitaha wote wamo mkononi mwangu. Tuna neno."

"Andika," akasema Tamhankar bila kuinua kichwa.

"Nitaandika, saheb. Lakini kwanza nusa."

Akakiweka kifurushi juu ya meza, juu ya faili la mkurugenzi, akakifungua. Niliruka kwenda kufungua dirisha, na hapo ndipo nilipogundua kuwa dirisha lile halikuwahi kufunguliwa. Tamhankar alibaki kitini, mkono mmoja umeshika pua, mwingine umeshika Jedwali la Posho, kama askari aliyezingirwa.

"Hii," akasema kwa sauti ya puani, "imezidi."

Parkar akaeleza. Chumba cha barafu cha Kanaklata kilikuwa kimekufa siku nne. Kilipofufuka, nyama iliyokwisha kuyeyuka ikagandishwa upya, ile ile, na kampuni ikasema hiyo ndiyo nyama ya safari. Meli ilikuwa inaondoka saa kumi jioni kwenda Rotterdam na huko mbele, miezi saba. Usiku uliopita vijana walikwenda kulala melini, wakapikiwa futari, wakaila. Usiku mzima hapakulalika.

"Tukamwambia kapteni tupewe nyama nyingine. Akasema, asiyetaka hii ashuke. Tumeshuka, saheb. Watu thelathini na wanane tumekaa gatini na mizigo yetu. Sasa anasema kufika saa kumi asiyepanda ataandikiwa kitabuni, *alikataa kazi*."

Hili Tamhankar hakuhitaji kufafanuliwa, wala mtu yeyote wa bandari ile. Kazi za meli zilipatikana kwa foleni, na wengi kati ya wale thelathini na wanane walikuwa wameisubiri Kanaklata kwa miezi kumi na minne. Mwenye *alikataa kazi* kitabuni alirudi mwisho wa foleni, na mwisho wa foleni ile haukuwa unaonekana. Wapande, wale uozo miezi saba. Wasipande, warudi kwao Ratnagiri wakawaeleze wake zao.

"Mwiteni Furtado."

"Yuko Goa, saheb," nikasema. "Kesho ni sikukuu ya mtakatifu wao. Likizo uliisaini wewe."

"Ansari?"

Kutoka chumba cha pili Ansari, karani mwingine, akajibu kwa sauti ya mtu anayefurahia kuonewa, "Nimefunga, saheb! Ramadhani hii, jamani!"

Macho ya Tamhankar yakanifikia mimi. Nami nikamtazama. Sisi ni Wajaini. Nyumbani kwetu hata kitunguu hakiingii, achilia mbali kondoo.

"Basi, basi," akasema. "Sikukuuliza."

Akainuka, akachukua mwavuli wake, ingawa Bombay mwezi wa Desemba mvua hainyeshi, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akaenda melini.

Kanaklata ilikuwa imefungwa gatini kwa kamba kumi na mbili, haitikisiki hata kidogo. Tamhankar aliipanda ngazi yake macho amefumba, mkono kwenye bega la serahangi, nami nyuma nikibeba faili. Wale mabaharia waliokaa juu ya mizigo yao walimsindikiza kwa macho. Nadhani walitarajia mtu mrefu zaidi.

Nahodha Sohrab Bhesania, Mparsi mwenye kitambi cha heshima na sare nyeupe kama chokaa, alitupokea juu ya sitaha akiwa amekwisha kufurahi.

"Karibu, bwana Tamhankar! Miaka yote naona sahihi yako, leo nimemwona mwenye mkono. Wewe mwenye faili, mpe kiti kabla hajaanguka."

"Nimekuja kuhusu nyama."

"Nyama nzuri sana. Mimi nakula hiyo hiyo wanayokula wao. Hawa vijana wamezoea kudekezwa, ukiwapa kondoo wanataka kuku, ukiwapa kuku wanataka mama zao."

"Hatukuomba kuku," akasema Parkar.

"Wewe nyamaza, serahangi. Kanuni ninayo." Bhesania akatoa nakala mfukoni, akaipiga kwa kidole. "Kumi na saba. Umeitunga wewe, bwana mkubwa. Malalamiko hayathibitiki mpaka yaonjwe. Pua haitajwi humu. Basi, onja. Au sema ni nzuri. Au shuka, maji yanajaa saa kumi."

Mpishi akaletwa na bakuli. Waliipika kwa bizari nyingi na pilipili nyingi zaidi, ya kutosha kumfunika marehemu yeyote. Bakuli likawekwa juu ya kasha mbele ya Tamhankar. Aliliangalia kama mtu anavyoangalia barua ya mahakama. Nilimwona akimeza mate, na si kwa hamu.

Hapo niseme ukweli: niliogopa kwamba ataila. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Chini, gatini, watu thelathini na wanane walikuwa wamesimama sasa, na alijua hesabu yao.

"Nina haki ya kumteua mwonjaji," akasema hatimaye.

"Mteue! Mteue serahangi."

"Tumefunga, kapteni," akasema Parkar.

"Na hata kama asingefunga, ni mlalamikaji," akaongeza Tamhankar.

"Haya, mpishi wangu."

"Yuko chini ya amri yako."

"Msaidizi wangu wa kwanza. Mtu msomi."

"Chini ya amri."

"Fundi mkuu basi, ananichukia!"

"Anakuchukia, lakini chini ya amri."

Bhesania akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Bwana wee, katika meli hii kila mtu yuko chini ya amri yangu! Kuanzia mpishi mpaka panya!"

"Kila mtu," akakubali Tamhankar. Kisha akanyamaza. Namfahamu mtu huyu. Kimya kile nilikwisha kukiona mara nyingi ofisini, kabla ya aya ndefu. "Kila mtu, isipokuwa mmoja."

Kicheko cha nahodha kilichukua muda kidogo kusimama, kama meli yenyewe.

"Nani?"

"Nahodha hayuko chini ya amri ya nahodha. Wala si mlalamikaji. Wala hukufunga, nahodha, na kwa kauli yako mwenyewe unakula nyama hiyo hiyo. Nakuteua wewe. Doshi, andika saa."

"Saa saba na robo," nikaandika.

Bhesania alitazama huku na huku. Msaidizi wake msomi alikuwa ameanza kuchunguza mawingu. Basi nahodha akaketi, akashika kijiko, na lazima nimpe sifa yake, alikuwa mwanaume: akachota kipande kikubwa, akakitafuna huku anamtazama Tamhankar machoni, akakimeza.

"Tamu," akasema. "Tamu kabisa. Andika."

Uso wa Parkar ukaporomoka. Mimi mkono wangu ulikuwa tayari juu ya karatasi.

"Ameonja kiasi gani, Doshi?" akauliza Tamhankar.

"Mimi sijui, saheb. Labda gramu thelathini."

"Fungu la pili la kanuni," akasema kwa upole kabisa, "linasema kiasi cha kuonja ni posho nzima ya mtu mmoja ya siku moja. Gramu mia mbili na ishirini. Zimebaki mia na tisini."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Mimi. Furtado alikuwa anaonja kilo."

Sitaki kusimulia kila kijiko. Cha pili kilikwenda kwa hasira, cha tatu kwa kiburi. Cha nne kilikaa mdomoni muda mrefu, kikijadiliwa. Rangi ya nahodha ikatoka nyekundu, ikapitia manjano, ikafika mahali ambapo hakuna jina. Akaweka kijiko chini kwa adabu. Akasema, "Niwieni radhi." Akatembea hatua sita za kijeshi mpaka ukingoni mwa meli, ule wa upande wa gati, akainama.

Watu thelathini na wanane waliona. Kelele iliyopanda kutoka chini iliwashtua kunguru wa ghala zima, na sauti moja nyembamba ilisikika juu ya zote: "Kapteni, usisahau posho ya jioni!"

Tamhankar peke yake hakucheka. Alikwenda akasimama kando ya nahodha, akamshikia kofia yake isianguke majini, na nilimsikia akimnong'oneza kama mtaalamu, "Usitazame maji. Tazama kitu kisichosogea."

Baadaye Bhesania alifuta mdomo, akasema, "Itupeni takataka hiyo. Pigeni simu kampuni walete nyama ya watu. Tutaondoka kesho." Kisha akamtazama Tamhankar. "Wewe mtu mbaya sana." Akaenda kulala.

Ingekuwa hadithi ya kuchekesha na kwisha hapo, kama Tamhankar angekuwa mtu wa kuishia kanuni ya kumi na saba. Lakini alikuwa na kanuni ya kumi na tisa, na hiyo ndiyo aliyoipenda.

"Leteni vitabu," akasema. "Vyote."

Parkar akavileta, thelathini na vinane, vimefungwa kwenye kilemba. Tamhankar aliketi juu ya fungu la kamba, akavipanga magotini, akafungua kalamu yake ya wino, akafungua kitabu cha kwanza. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake, hata Geneva ilipoachia dengu. Serahangi akachuchumaa mbele yake.

"Saheb, unafanya nini?"

"Nakuandikia haki yako. *Alilalamika kwa haki.* Kila mmoja wenu."

"Saheb, nakuomba. Usiandike."

"Usiogope. Ni maandishi mazuri. Yanakutetea."

"Saheb." Parkar aliweka kiganja juu ya ukurasa, juu ya mahali kalamu ilipokuwa inataka kwenda. Hakuna mtu aliyewahi kufanya hivyo ofisini kwetu. Watu wamefukuzwa kazi kwa kidogo zaidi. "Nahodha wa mbele atafungua kitabu hiki Rotterdam, au Bombay, au popote. Ataona maneno haya. Hatasoma *kwa haki*. Atasoma *alilalamika*. Atasema, huyu mgomvi, na nyuma yake wapo mia wenye vitabu vyeupe. Kwa nini achukue mgomvi?"

"Lakini inasema kwa haki."

"Mgomvi mwenye haki ndiye mbaya zaidi, saheb. Huyo hata huwezi kumpiga faini."

Tamhankar alicheka kidogo, kwa adabu, kama mtu asiyeelewa mzaha. Parkar hakucheka.

"Unamkumbuka Hasan Dalwai? Meli ya mchele wenye wadudu, mwaka sitini?"

"Namkumbuka. Kesi safi. Nilimwandikia mwenyewe."

"Hajapanda meli tena. Anauza mayai sokoni Chiplun, kwenu. Na wenzake watano wa meli ile. Na wale wa maji machafu. Sisi tunawajua wote, saheb. Tunawaita watu wa Tamhankar." Akashusha sauti, si kwa kuogopa, kwa kumwonea haya. "Hatukukuchukia. Tulijua ulitaka mema. Ndiyo maana tukaanza kula chochote tulichopewa. Leo ilikuwa imezidi tu."

Kalamu ilibaki hewani. Tone la wino likakusanyika nchani, likaning'inia. Nilijua anachokifanya kichwani, kwa sababu mimi ndiye niliyezipiga chapa orodha za wote walioandikiwa, na yeye hasahau tarakimu. Midomo yake ilikuwa inakwenda.

"Sitini na watatu," akasema.

"Hatujawahi kuwahesabu, saheb."

"Mimi nimewahesabu. Sitini na watatu, kwa miaka kumi na moja." Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho akaniuliza swali ambalo si la kazi. "Doshi, hakuna aliyeniambia?"

Ningemjibu nini? Malalamiko yao yangekuja kwa faili, na faili lingepanda kwake kwanza, naye angewaandikia vitabuni kwamba walilalamika kwa haki.

Akaifunga kalamu. Akaifunga kwa uangalifu mkubwa, kifuniko kikalia *tik*, akaitia mfukoni. Akavifunga vitabu kimoja kimoja, vyeupe kama vilivyokuja, akavirudisha ndani ya kilemba na kukikaza fundo kwa mikono yake. Serahangi alivipokea kwa mikono miwili. Tukashuka ngazi, na safari hii Tamhankar aliishuka macho wazi, kwa sababu nadhani alikuwa haoni bahari.

Jioni ile Mandakini alimpokea mlangoni, na kama ilivyo heshima ya wake wa kwao hakumtaja jina.

"Mwasikia? Mwanuka vibaya. Mmekula nini huko?"

"Sikula kitu."

"Na hiyo harufu?"

"Ni ya mtu mwingine aliyekula. Anaendelea vizuri."

Akamkataza kuingia jikoni mpaka alipooga mara mbili, naye akaoga mara tatu.

Kanaklata iliondoka kesho yake na watu thelathini na wanane, kondoo wapya, na nahodha aliyekula wali mweupe mpaka Aden. Ofisini barua ikashuka kutoka juu: *Eleza kwa nini vitabu thelathini na vinane havikuandikwa kama kanuni ya kumi na tisa inavyotaka.* Tulingoja aya zake. Tamhankar akajibu kwa neno moja: *Sikuandika.* Naibu alilirudisha faili akiomba sababu. Likarudi na neno lile lile. Lilipanda na kushuka miezi minane likiwa na neno hilo moja katikati, nalo likatia hofu kila meza, kwa sababu hawakujua wafanye nini na sentensi isiyo na mlango wa nyuma. Mwishowe wakampa onyo, na cheo cha unaibu alichokuwa akikisubiri kikaenda kwa mtu wa mizani na vipimo. Kanuni ya kumi na tisa ilimchukua miaka minne kuifuta. Kuitunga kulimchukua wiki sita.

Ila kufuta kanuni hakukuwarudisha baharini wale sitini na watatu. Tangu mwezi ule, kila Jumatatu alasiri alikwenda kwa miguu hadi kwenye ukumbi wa foleni ya mabaharia, akakaa na makarani wa pale, akanywa chai yao isiyo na maziwa, akazungumza nao habari za mvua na watoto na harusi. Jinsi wale walioandikiwa walivyokuwa wakipata vitabu vipya, vile vya zamani eti vimelowa, vimeliwa na mchwa, vimeanguka majini, mimi sijui, na safari hii hapakuwa na faili la kupiga chapa. Najua tu kwamba alikuwa na orodha ndogo ndani ya Jedwali la Posho, na kwamba kila baada ya miezi miwili mitatu aliniomba kalamu nyekundu ya kukatia jina.

Mwaka wake wa mwisho kazini, 1981, watu ishirini na wawili walikuwa wamerudi baharini. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wazee, wengine hawakupatikana. Wiki ya mwisho, Parkar, aliyekwisha kustaafu yeye mwenyewe, alikuja kutoka Chiplun na jibu la Hasan Dalwai, ambaye Tamhankar alikuwa amemtafutia nafasi kwenye meli nzuri ya abiria, kazi ya ghala, chakula safi. Hakuja na barua. Alikuja na kikapu cha mayai dazani mbili, akakiweka mezani kwa Brahmini yule asiyekula hata yai, akakaa.

"Dalwai anakusalimu, saheb. Anasema ahsante sana, na hana kinyongo. Lakini haji."

"Kwa nini haji? Ni meli nzuri."

"Nilimwambia. Akasema mayai hayana nahodha."

Tamhankar aliyatazama mayai moja baada ya jingine, kana kwamba yalikuwa na majina. Akaniomba kalamu nyekundu. Hakulifuta jina la Dalwai. Aliandika kando yake kitu kifupi nisichoweza kukiona kutoka kwenye meza yangu, akaikunja orodha, akamwuliza Parkar kama kuna mtu mwingine anayetaka kurudi.

"Wawili watatu, saheb."

"Leo ni Alhamisi," akasema. "Mpaka Jumamosi bado mimi ni afisa." Akainuka kuchukua kofia aende kwa makarani wa ukumbi wa foleni, akakibeba na kile kikapu kwa mikono miwili, kwa uangalifu wa mtu asiyejua mayai yanashikwaje.